Thomas Cromwell, Mtoto wa Mhunzi Aliyeamuru Daftari la Ubatizo

Mtu akitaka kujua habari za mababu zake huko mashambani Uingereza, hataulizia habari hizo muda mrefu kabla ya kuelekezwa kwenye vitabu vya kanisa la mtaa wao. Katika vitabu hivyo yameandikwa majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Akibahatika, ataufuata ukoo wake kutoka baba hadi babu, na kutoka babu hadi babu wa babu, watu waliochunga kondoo na kulima mashamba ya wengine, wasiojua hata kuandika majina yao wenyewe, mpaka afike mwaka 1538. Hapo njia hukatika. Mwezi huu, ndugu wasomaji, tunasimulia maisha ya mtu aliyefanya njia hiyo ianzie mwaka huo na si mwaka mwingine. Jina lake ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Wako wanaomwita mvunjaji wa Kanisa, na wako wanaomwita mjenzi. Kwa kweli alikuwa yote mawili, na mara nyingine katika wiki moja.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hana siku ya kuzaliwa. Hakuna aijuaye. Wataalamu hukisia kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1485 huko Putney, ambacho wakati huo kilikuwa kijiji kando ya mto Thames, kikiwa chini ya milki ya Wimbledon. Bila shaka alibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, kama desturi ilivyokuwa, lakini hapakuwa na kitabu cha kuandika jambo hilo. Mtu wa kawaida alizaliwa, akaoa, akafa, na aliyekumbuka ni jirani. Hata watoto wa makabaila waliotakiwa kuthibitisha umri wao ili warithi ardhi, iliwabidi kuleta mashahidi. Mzee mmoja aliapa kwamba anaikumbuka siku ile kwa sababu nyumba yake iliungua, mwingine kwa sababu mkewe alijifungua wiki hiyo hiyo. Kwa makabwela hata mashahidi wa namna hiyo hawakuitwa.

Habari za baba yake, Walter Cromwell, twazijua kwa njia nyingine, nayo ni njia ambayo haimpi sifa. Walter alikuwa mhunzi, tena alitengeneza nguo za sufu, tena alipika pombe na kuiuza. Jina lake limo katika kumbukumbu za baraza la milki ya Wimbledon kwa sababu alitozwa faini mara nyingi mno kwa kuvunja sheria ya uuzaji wa pombe. Hatimaye, mwaka 1514, alinyang'anywa ardhi yake kwa kosa la kufuta maandishi ya kabaila wake kwa hila. Tazama, basi: baba aliadhibiwa kwa kuharibu kumbukumbu, na mwana ndiye aliyeamuru kumbukumbu zitunzwe katika kila kijiji cha nchi. Wanaotafuta nasaba wanajua vema kwamba kabla ya mwaka 1538 maskini huonekana kwenye maandishi akiwa na kesi, au akidaiwa kodi. Mtu mwema asiye na mali hakuandikwa popote.

Thomas aliondoka kwao akiwa kijana. Yasemekana hakupatana na baba yake. Alivuka bahari, na inasimuliwa kuwa alikuwa askari pamoja na Wafaransa huko Italia, katika vita vya mto Garigliano mwaka 1503, ambako Wafaransa walishindwa vibaya. Kisha alipata hifadhi kwa tajiri mmoja wa ukoo wa Frescobaldi mjini Florence, na baadaye alifanya biashara ya nguo huko Antwerp. Hakusoma chuo kikuu, lakini alirudi nyumbani akijua lugha kadhaa, hesabu za wafanya biashara na sheria. Jambo hili la hesabu si dogo. Mfanya biashara huamini kwamba kitu kisichoandikwa kitapotea, na Cromwell alibaki na imani hiyo maisha yake yote.

Alimwoa Elizabeth Wykes, mwanamke aliyekuwa mjane, wakapata mwana mmoja, Gregory, na mabinti wawili, Anne na Grace. Mnamo Julai 1529 Cromwell aliandika wosia wake. Wakati huo mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na wengi hudhani kuwa aliuawa na homa ya jasho, ugonjwa uliomwangusha mtu asubuhi na kumzika jioni. Katika wosia ule Anne na Grace waliwekewa fedha za kuolewa. Baadaye majina yao yalipigwa mstari. Hatuna kaburi lao wala tarehe ya kifo chao. Watoto wale wawili twawajua kwa sababu ya karatasi moja ya baba yao, na twajua kuwa walikufa kwa sababu ya mstari wa wino. Mwandishi wa makala hii haoni kuwa ni haki kusema kwamba Cromwell alianzisha madaftari kwa ajili ya huzuni hiyo, maana yeye mwenyewe hakusema hivyo. Lakini hakuwa mtu asiyejua maana ya mtoto kutoweka bila kuandikwa.

Wakati huo alikuwa mtumishi wa Kardinali Wolsey, aliyekuwa mkubwa kuliko wote nchini baada ya Mfalme. Wolsey alianguka mwaka 1529 kwa kushindwa kumpatia Mfalme ruhusa ya kumwacha Malkia Catherine, akafa mwaka uliofuata. Watumishi wengi walimkimbia. Cromwell alimtetea Bungeni, na jambo hilo halikumdhuru, bali lilimpendeza Mfalme. Mapema mwaka 1531 alikuwa amekwisha kuingia katika Baraza la Mfalme. Yaliyofuata yanajulikana: sheria ya mwaka 1533 iliyokataza rufani kupelekwa Roma, sheria ya mwaka 1534 iliyomtaja Mfalme kuwa Mkuu wa Kanisa la Uingereza, na mwaka 1535 Cromwell, mtu asiye padre wala shemasi, akawekwa kuwa naibu wa Mfalme katika mambo yote ya Kanisa, juu ya maaskofu na maaskofu wakuu.

Kuhusu nyumba za watawa hatutasema mengi, ila tusifiche. Kati ya mwaka 1536 na 1540 nyumba zipatazo 800 zilifungwa, mali zikachukuliwa, mabati ya risasi yakaezuliwa mapaani na vitabu vingi mno vikapotea. Cromwell alinufaika. Alikuwa ameitamani nyumba ya Launde katika Leicestershire, na ukoo wake uliipata. Waliokataa, wengine walinyongwa. Kama tunamshukuru kwa kitabu kimoja alichoamuru kiandikwe, lazima tukumbuke pia maelfu ya vitabu vilivyofungiwa siagi na sabuni sokoni kwa sababu yake.

Mnamo Oktoba 1536 watu wa Lincolnshire na Yorkshire waliinuka. Walikuwa na hasira kwa ajili ya monasteri, lakini kulikuwa na uvumi mwingine uliopita kijiji hadi kijiji: kwamba serikali inataka kutoza kodi kwa kila mtoto atakayebatizwa, kila watakaooana na kila atakayezikwa. Yaani maskini hataweza kumleta mtoto wake kwenye maji bila ya kulipa. Maasi yalizimwa na viongozi wakauawa. Uvumi haukuzimika.

Ndipo, Septemba 1538, Cromwell alipotoa maagizo yake kwa mapadre wote. Katika maagizo hayo aliamuru Biblia kubwa ya Kiingereza iwekwe katika kila kanisa mahali ambapo watu wataweza kuisoma. Na humo humo aliamuru kila mtaa uwe na kitabu. Padre aandike siku na mwaka wa kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, na jina la kila mtu aliyehusika. Wenyeji wa mtaa wanunue sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa padre na mwingine kwa wazee wa kanisa, hata asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kila Jumapili kitabu kitolewe na mambo ya wiki nzima yaandikwe mbele ya wazee hao, au mmoja wao. Padre akisahau, alipe faini ya shilingi 3 na peni 4, karibu ujira wa kibarua wa siku 10, na fedha hizo zitumike kutengeneza kanisa.

Kwa nini aliamuru hivyo? Sababu iliyo wazi ni ugomvi wa urithi na wa umri, na kesi za watu waliodai kuwa ndoa yao ni batili kwa sababu ya undugu. Wengine husema alikuwa ameona vitabu vya namna hiyo ng'ambo. Watu wa vijijini hawakuona lolote la hayo. Waliona kodi inakuja. Kutoka Devon na Cornwall Cromwell aliletewa habari kwamba watu wananong'ona na kuogopa. Mapadre wengi nao walifanya uvivu, wakaandika kwenye karatasi zilizolegea, au hawakuandika kabisa.

Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuona matunda. Alimshauri Mfalme amwoe Anne wa Cleves, na arusi ikafanywa tarehe 6 Januari 1540, lakini Mfalme hakumpenda bibi huyo tangu siku ya kwanza. Mwezi wa Aprili Cromwell alipewa cheo cha Earl wa Essex. Tarehe 10 Juni alikamatwa katika mkutano wa Baraza. Alihukumiwa kwa uhaini na uzushi kwa sheria ya Bunge, bila ya kusikilizwa mahakamani, njia ile ile ambayo yeye aliitumia kwa wengine. Askofu Mkuu Cranmer alithubutu kumwandikia Mfalme akimwombea, na wengine wakanyamaza. Tarehe 28 Julai 1540 alikatwa kichwa pale Tower Hill, na siku hiyo hiyo Mfalme akamwoa Catherine Howard. Kichwa chake kiliwekwa juu ya daraja la London, na mwili ukazikwa katika kanisa dogo la Mtakatifu Petro ndani ya ngome ya Tower. Miezi michache baadaye balozi wa Ufaransa aliandika kwamba Mfalme analalamika kuwa amepotezewa mtumishi mwaminifu kuliko wote.

Agizo la daftari halikufa pamoja naye. Watawala waliofuata, Edward, hata Mary aliyekuwa adui wa kazi zake nyingine, na kisha Elizabeth, wote waliona lina faida wakaliacha liendelee. Mwaka 1597 iliamuliwa kuwa vitabu viandikwe juu ya ngozi laini na si karatasi, na vile vya zamani vinakiliwe, hasa kuanzia mwaka 1558, Elizabeth alipoanza kutawala. Neno hilo moja, hasa, limewaliza watafutaji wengi wa nasaba. Makarani waliochoka walianza kunakili 1558 na kuacha miaka 20 ya nyuma, na karatasi za zamani zikaoza. Ndiyo sababu mitaa iliyo na vitabu kuanzia 1538 ni michache. Agizo hilo lilitaka pia nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, na nakala hizo zimeokoa majina mengi mahali ambapo kitabu cha mtaa kiliungua au kiliguguna na panya.

Kitabu cha Stratford ni moja ya nakala hizo za ngozi. Humo ubatizo wa William Shakespeare uko tarehe 26 Aprili 1564, katikati ya watoto wa watengeneza mifuko ya mikono na wauza nafaka, kwa mwandiko ule ule na nafasi ile ile. Na katika kijiji cha Eyam, Derbyshire, orodha ya maziko ya mwaka 1665 na 1666 inaonyesha tauni ilivyopita nyumba kwa nyumba. Kwanza alikufa mshona nguo, George Viccars, mwezi wa Septemba, na kabla ya mwaka mmoja na miezi michache kwisha walikuwa wamekufa zaidi ya watu 250, pamoja na mke wa padre. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita kwa muda wa siku 8. Hakuna mwandishi wa historia aliyetumwa Eyam. Majina yamebaki kwa sababu padre alikuwa na kitabu.

Uvumi wa 1536 nao tusiudharau. Kodi kweli ilikuja, ingawa si kwa mkono wa Cromwell. Tangu 1695 hadi 1706 serikali ilitoza kodi ya kuzaliwa, kuoana na kuzikwa ili ipate fedha za vita na Ufaransa. Na mwaka 1783 ikaamuliwa kila jina likiandikwa zilipwe peni 3, isipokuwa kwa mafukara. Katika baadhi ya vitabu huonekana watoto wengi wamebatizwa kwa pamoja siku za mwisho kabla ya sheria kuanza. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1794. Wale wakulima wa Lincolnshire walikosea miaka tu.

Ukoo wa Cromwell wenyewe ni somo zuri la utafutaji. Dada yake Katherine aliolewa na Morgan Williams, na mtoto wao Richard akalichukua jina la mjomba. Mtu akifuata jina la baba peke yake atapotea hapo. Richard alimzaa Henry, Henry akamzaa Robert, na Robert akamzaa Oliver Cromwell, aliyebatizwa Huntingdon tarehe 29 Aprili 1599. Kitabu kipo, na pembeni ya jina lake mtu fulani baadaye aliandika maneno ya kumtukana kuwa alikuwa pigo la Uingereza, na mwingine akayafuta. Mwaka 1653, wakati wa utawala wa watu wa Oliver, Bunge liliwaondolea mapadre madaftari na kumpa mwandishi aliyechaguliwa na wenyeji, naye aliandika siku ya kuzaliwa badala ya ubatizo. Mitaa mingi ina pengo tangu vita vilipoanza mwaka 1642 hadi Mfalme aliporudi 1660.

Mengine ni ya kutajwa kwa haraka. Tangu 1754 ndoa ziliandikwa katika kitabu chake, na bwana na bibi arusi wakatia sahihi au alama ya msalaba. Tangu 1813 zilitumika kurasa zilizopigwa chapa, na umri wa marehemu ukaandikwa. Tangu Julai 1837 serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo yenyewe. Kwa hiyo mtafutaji wa leo huanza na vyeti vya serikali, husoma hesabu ya watu ya mwaka 1851, ambayo inataja mtaa aliozaliwa kila mtu, ndipo aingie kwenye vitabu vya mtaa huo.

Akifika huko asiwe na haraka. Mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi mpaka 1751, hivyo mtoto wa Februari 1700 kwa hesabu yetu ni wa 1701. Mtoto akifa, mdogo wake mara nyingi alipewa jina lile lile, na wengi wamejenga ukoo mzima juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na wiki mbili. Vitabu vya awali mara nyingi humtaja baba tu, kana kwamba mama hakuwepo. Mtoto wa nje ya ndoa aliandikwa hivyo waziwazi, pengine kwa neno la ukali, na mapadre hawakuwa na huruma sawa.

Madaftari tunayojaza sisi katika sakristia zetu, yenye safu za tarehe, jina, wazazi na wadhamini, yametokana na mpango huo. Wamisionari walikuja nao. Kwa watu waliokombolewa utumwani na kulelewa katika misheni za Zanzibar na Freretown katika karne ya 19, daftari la ubatizo ni mojawapo ya maandishi machache yanayowataja kwa majina.

Huko Uingereza, kwa kanuni ya Kanisa iliyopitishwa mwaka 1978, vitabu vilivyopita miaka mia moja hupelekwa kwenye nyumba ya kumbukumbu ya wilaya, isipokuwa askofu akiruhusu vikae mtaani. Masanduku ya kale, mengi yakiwa na kufuli tatu kama ilivyoamriwa mwaka 1603, yangali yamesimama nyuma ya makanisa ya vijijini. Launde nako kanisa dogo la watawa lipo, na ndani yake kaburi la Gregory Cromwell, aliyekufa mwaka 1551.